Skrubu Mbili za Karabini ya Baba

Mzee wa miaka sabini na minne alinishika kiwiko mbele ya watu arobaini, akaniomba nisifungue skrubu mbili.

Hakuwa anatania.

"Regula, nakuomba. Weka chini hiyo bisibisi. Bunduki yenyewe nakupa, ichukue, nenda nayo nyumbani."

Nilimtazama nikacheka. Miaka thelathini nilikuwa naisubiri sura ile, sura ya mtu aliyekamatwa.

Ngoja niwaelezee kwanza, maana mkimwona hapo tu mtamwonea huruma kabla ya wakati.

Naitwa Regula Zopfi. Natoka Brandboden, ndani kabisa ya bonde la Glarus, ambako jua la Desemba linachungulia saa mbili tu kisha linajificha nyuma ya mlima. Napika kwenye kantini ya klabu ya shabaha. Mwaka wa kumi na tisa huu.

Kwetu kijana akienda jeshini anarudi nyumbani na bunduki, inakaa kabatini jirani na viatu vya theluji. Kila mwaka lazima aje kwenye banda la shabaha apige risasi zake, mita mia tatu, kuvuka mto mpaka kwenye mabango yaliyo chini ya mlima. Akimaliza, anakuja kwangu kula na kudanganya.

Wadanganyifu wangu wakubwa ni watatu, na kila Jumamosi wanakaa meza ileile ya dirishani.

Wa kwanza ni huyo Mzee Balz Rhyner, mwenyekiti. Dini yake ni karabini, ile bunduki ya zamani ya mbao, risasi sita, kila ukipiga unavuta komeo nyuma kwa mkono.

Wa pili Jost Kubli, fundi mabati mstaafu. Yeye ni Hamsini na Saba, bunduki inayoitwa kwa mwaka wake. Risasi ishirini na nne, miguu miwili ya kusimamia mbele, na uzito wa karibu kilo sita.

Wa tatu Andrin, muuza bima, miaka thelathini na nne, ndevu zimechongwa vizuri. Yeye ni Tisini, bunduki ya vijana. Nyepesi, na kitako chake kinakunjwa pembeni.

Mkitaka kujua wanaongea nini, ni hivi, na ni hivi tangu nianze kazi.

"Karabini ikipiga, imepiga," anasema Balz. "Risasi sita zinatosha, kama una akili."

"Na bega je?" anauliza Jost. "Mzee, ukishapiga ishirini unabeba kijiko kwa mkono wa kushoto. Hamsini na Saba haikurushi hata kidogo. Unalala, inasimama yenyewe, unavuta tu."

"Inasimama yenyewe kwa sababu hakuna wa kuinyanyua!" anadakia Andrin. "Ulipanda nayo mlima lini mara ya mwisho? Kwa gari la mkeo."

"Wewe kausha. Kirisasi chako upepo ukikohoa tu kinahamia kijiji cha pili."

"Angalau mimi nabeba risasi nyingi."

"Utazihitaji, kwa unavyokosa."

Na mimi hapo nasimama na sahani tatu za makaroni ya jibini, nasubiri wanyanyue viwiko.

Mngeniuliza mimi, ningewaambia ukweli wa bunduki zote tatu. Karabini inaacha mafuta kwenye kitambaa cha meza. Hamsini na Saba imenivunjia glasi saba kwa miguu yake. Tisini inakunjwa, kwa hiyo ndiyo pekee yenye adabu kantini. Lakini nani amuulize mpishi?

Kilichokuwa kinanichekesha ni visingizio. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyewahi kukosa yeye mwenyewe. Kamwe! Jost amekosa kwa sababu ya jua. Andrin amekosa kwa sababu mafuta aliyonunua si yale. Balz alikosa mara moja mwaka juzi, akatangaza kwamba mbao imevimba kwa unyevu. Kuna siku walikosa wote watatu, wakakubaliana kwamba kahawa yangu ilikuwa kali.

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikawaambia, "Wanaume wazima! Bunduki ingekuwa na mdomo ingewashitaki."

Sasa njooni kwenye bunduki ya baba.

Baba yangu, Fridolin, wote walimwita Fridli, alikuwa tarishi wa posta. Mtu mpole, anayebisha mlango hata wa kwake. Mwaka 1979 alifika miaka hamsini, umri wetu wa kumaliza jeshi, akapewa karabini yake iwe mali yake moja kwa moja. Kiangazi hichohicho kulikuwa na sherehe kubwa ya shabaha, na kijiji kikamweka kwenye timu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nakumbuka alivyorudi. Alikaa jikoni na kofia kichwani, hakula.

Alipiga risasi kumi na nane. Tano hazikugusa hata bango.

"Si bunduki yangu ile," alimwambia mama. "Tulipokwenda kula niliisimamisha pamoja na zingine. Zote zinafanana. Mtu kachukua yangu, kaniachia hii. Hii imepinda."

Na siku hiyohiyo, baada ya chakula hichohicho, nani alitangazwa mfalme wa shabaha? Kaspar Rhyner, baba yake Balz. Kwa karabini. Wakamvika shada, na alipokufa bunduki yake ikatundikwa ukutani kantini, juu ya meza ya dirishani, shada kavu limezungushwa kwenye mtutu.

Mnaelewa? Miaka kumi na tisa napika chini ya bunduki ya baba yangu. Ndivyo nilivyoamini.

Baba hakupiga tena. Akaomba kazi ya shimoni, kule chini ya mabango, kazi ya kukaa nyuma ya zege na kuwaonyesha wenzake kwa kibao chenye mpini risasi zimetoboa wapi. Alifanya miaka kumi na tano, mpaka kifo chake. Watu walikuwa wanamcheka. "Fridli wa shimoni." Mimi nilisikia, na iliniuma, na bado inaniuma nikiandika hapa.

Kabla hajafa nilimwambia nitairudisha bunduki yake. Akanipapasa mkono, akasema, "Achana nayo, mwanangu." Sikuachana nayo.

Nilimwambia kila mtu. Duka la mikate, kanisani, saluni. "Ile ya ukutani ni ya kwetu, akina Rhyner wameiba." Balz mwenyewe nilimwambia usoni, tena zaidi ya mara moja. Soseji ndogo kuliko zote kwenye sufuria ilikuwa yake, kila Jumamosi. Na nikaapa sitapiga risasi hata moja mpaka bunduki ya baba irudi.

Balz hakujibu kamwe. Yeye, mwenye mdomo wa kubishana na redio, kwa hili alikuwa anatazama sahani yake na kutafuna. Ningefikiri nini? Mtu asiye na hatia hupiga kelele, anyamaze kwa nini!

Kosa letu ni kwamba hatukuwa na ushahidi. Namba ya bunduki ilikuwa kwenye kitabu cha jeshi cha baba, na kitabu kiliungua na stoo ya nyasi.

Basi. Mwaka huu, Jumamosi ya mashindano ya kiangazi, ile siku ambayo kijiji kizima kinapiga, akatua mgeni. Garth, kutoka Kanada. Bibi yake alizaliwa bondeni kwetu, kwa hiyo anaongea lugha yetu kwa maneno ya mwaka 1930. Kwao ana karabini kumi na moja. Kumi na moja! Anajua uzito wa kila skrubu, ila hajalala nayo kwenye matope hata usiku mmoja.

Wadanganyifu wangu walimpenda papo hapo. Wamepata mtu wa kuwasikiliza kwa daftari.

"Uniambie, mzee," Garth anamuuliza Balz, "kwenye baridi kali komeo lilikuwa linagoma?"

"Halijawahi."

"Liligoma Januari yote ya sabini na tatu," anasema Jost. "Ulilikojolea."

Garth anaandika.

Halafu akanyanyua macho ukutani, akaiona. Akasimama.

"Hii ni nzuri sana. Mmeangalia chini ya kitako?"

"Kuna nini chini ya kitako?" nikauliza. Nilikuwa na sinia la soseji.

"Jina," akasema, kama vile kila mtu anajua. "Askari wengi walikuwa wanaandika karatasi, jina, mwaka wa kuzaliwa, kijiji, wanaiweka ndani, chini ya lile bamba la chuma la kitako. Unafungua skrubu mbili tu. Sisi kwetu ukinunua karabini hilo ndilo la kwanza. Nyie hamfungui?"

Hatufungui. Aliyevuka bahari ndiye anajua kilicho ndani ya mbao zetu.

Sinia nililiweka mezani, sijui hata meza ya nani.

"Garth," nikasema, "usiondoke hapo."

Nikatoka mbio na aproni yangu, nikapanda kwetu, nikashusha ile karabini iliyopinda kutoka darini, nikabeba na bisibisi. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Ya ukutani ikifunguliwa, jina la baba. Hii ikifunguliwa, jina la Kaspar. Mbele ya kijiji kizima, siku ambayo wote wapo. Baba asafishwe jina, na bunduki ilale kwetu usiku huo.

Niliporudi habari ilishasambaa. Watu arobaini kantini, wengine madirishani na bia zao. Bunduki ya ukutani iko mezani, shada limevuliwa. Na Balz amesimama mbele yake.

Hapo ndipo aliponishika kiwiko.

"Bunduki nakupa, Regula. Iwe ya kwenu. Nasema mbele ya watu, iwe ya kwenu."

"Sitaki zawadi, Mzee Balz. Nataka jina."

"Binti wa Fridli, nisikilize mara moja tu maishani mwako..."

"Umeyatimba," nikamwambia. "Sogea."

Akasogea.

Nikampa Garth bisibisi, akafungua taratibu. Bamba likatoka na vumbi la miaka. Ndani kulikuwa na karatasi imekunjwa mara nne, ya njano. Akaikunjua, akaisoma kwa sauti.

"Rhyner, Kaspar. Alfu moja mia tisa ishirini na saba. Mkulima. Brandboden."

Kantini ikalipuka kwa kicheko. Jost alipiga meza, bia ikamwagika. Kuna mtu dirishani akapiga kelele, "Regula, mpe soseji kubwa leo!"

Nikamtazama Balz. Nilitegemea ataruka juu. Uso wake ulikuwa umekunjamana, hata tabasamu hakuna.

"Imetosha," akasema. "Hiyo nyingine iache. Tule."

"Kwa nini niiache? Basi ilibadilishwa na mtu mwingine. Zilikuwa bunduki thelathini pale. Lazima kuna jina la mtu humu."

"Regula, iache."

Nilimpokonya Garth bisibisi, nikafungua mwenyewe. Skrubu ya kwanza. Ya pili. Karatasi ilikuwa imegandia kwenye mbao, nikaivuta kwa ukucha.

Sikuhitaji kusoma. Herufi ya kwanza ilikuwa na mkia mrefu unaojikunja, mkia ambao naujua kutoka kila kadi ya siku yangu ya kuzaliwa.

Zopfi, Fridolin. 1929. Tarishi. Brandboden.

Hakuna aliyecheka safari hii. Bora wangecheka.

"Kwa hiyo haikubadilishwa," akasema Jost, mdomo umejaa.

"Kula chakula chako, Jost," akasema Balz.

Sasa nisikilizeni mimi niliyewacheka wanaume wale miaka kumi na tisa. Mnajua nilisema nini? Nilisema, "Basi ni mtutu! Mtutu umepinda!"

Garth akatoa komeo, akaelekeza mtutu dirishani, akachungulia. Akachungulia tena.

"Mama, huu unang'aa kama kioo. Kati ya zangu zote kumi na moja hakuna wenye hali hii."

"Bado dakika ishirini banda lifungwe," akasema Andrin. "Tuijaribu."

Tukashuka bandani, umati wote nyuma. Jost akajilaza, yeye adui wa karabini, akapiga tatu. Kwenye skrini ndogo pembeni yake zikatokea alama. Nne. Nne. Nne. Juu ya nne hakuna alama.

Akainuka anajisugua bega. "Ni nzima," akasema kwa shida, kama mtu anayeng'olewa jino. "Ni nzuri kuliko ya Balz."

"Nipe," nikasema.

Nilijilaza pale kwenye mkeka na aproni yangu. Balz akapiga magoti kando yangu, akaniwekea kinga za masikio, akanionyesha pa kuweka shavu. Nililenga. Nilivuta. Mlio ulinipasua kichwa pamoja na kinga zile, kitako kikanipiga kama teke la ng'ombe.

Sifuri. Haikugusa bango.

"Upepo," nikasema. Nakuapieni, nilisema upepo. Bendera ya banda ilikuwa inaning'inia kimya.

Balz akainama, akaisogeza kinga ya sikio langu moja, akasema kwa sauti ya chini wengine wasisikie.

"Umefumba macho. Yote mawili, kabla hujavuta. Fridli alikuwa hivyohivyo."

Nikageuka kumtazama.

"Aliuogopa mlio," akasema. "Si risasi. Shimoni zilimpita juu ya kichwa miaka kumi na tano, hakujali. Ule mlio wa jirani na shavu lake mwenyewe ndio uliomshinda. Enzi zile waliziba masikio kwa pamba, wengine hata pamba hawakuweka. Kila mwaka alipita kwa alama moja, mbili tu juu ya kiwango. Siku ile ya sherehe akasema bunduki imebadilishwa, na baba yangu alikuwa karibu, akasikia."

"Na hakukanusha?"

"Usiku wake Fridli alikuja kwetu, analia. Nilikuwa nimekaa palepale mezani. Akamwambia baba ukweli, akaomba radhi. Baba akamwambia, Fridli, we sema hivyohivyo. Mimi ni mfalme mwaka huu, maneno hayataniua. Wakijua unaogopa bunduki yako, kwenye kijiji hiki utakaa wapi? Akamtafutia kazi ya shimoni. Na mimi akaniambia ninyamaze."

"Miaka yote hii nakuita mwizi, Mzee Balz. Mpaka kanisani!"

"Kanisani ilikuwa mbaya," akakubali. "Soseji ndiyo ilikuwa mbaya zaidi."

Nililia hapo kwenye mkeka, shavu juu ya mbao ya baba. Waliokuwa nyuma yangu walidhani ni bega. Niliwaacha wadhani.

Nilikuwa na hasira na baba, na nilimpenda kuliko siku zote, na nilikuwa na aibu ya kutosha kijiji kizima. Alivyonipapasa mkono! "Achana nayo, mwanangu." Alikuwa ananiambia, nami sikutaka kusikia.

Balz akarudisha kinga sikioni pangu. "Lenga. Weka macho wazi. Itapiga kelele, basi, iache ipige."

Nikavuta na macho yangu yote mawili wazi.

Nne.

Zilizofuata zilikuwa za ovyo, mbili, moja, sifuri, mbili, na msiniulize zaidi. Andrin aliniambia ningekuwa na Tisini ningepata zaidi. Jost akasema hapana, Hamsini na Saba, ina miguu. Balz akasema karabini ni karabini. Dakika moja baadaye walishasahau kwamba nipo, na Garth anaandika.

Jioni ile Mzee Balz alipewa soseji kubwa kuliko zote kwenye sufuria. Akaikata, akatafuna, akasema haina chumvi.

Kwa wanaouliza kijijini nimesema karatasi zimeonyesha akina Rhyner si wezi, na kwamba nimekosea. Nimesema kanisani pia, maana huko ndiko nilikotukania. Sababu ya baba kukosa sikuwaambia, na majina yote humu nimeyabadilisha, kwa hiyo msihangaike kututafuta.

Funzo langu ni fupi. Nimewacheka watu kwa visingizio vyao, na kumbe kisingizio kikubwa kuliko vyote kilikuwa darini kwangu, nimekirithi, nimekipangusa vumbi, nimekipikia. Mkiwa na mtu mnayemchukia kwa niaba ya marehemu wenu, jaribuni kumuuliza mara moja, kwa upole, kabla hamjashika bisibisi.

Kabla sijarudisha bamba la kitako niliikunja karatasi ya baba kama ilivyokuwa. Nikaweka na yangu juu yake, kwa ajili ya yeyote atakayefungua baada yangu.

"Zopfi, Regula. 1966. Mpishi. Brandboden. Bunduki hii ni nzima."